Pumba Nilizowamwagia Kuku

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kukulaumu kabla sijakuamkia.

Siku kumi na moja, Baba. Hesabu hiyo hainitoki. Wenzako wa Vidunda walipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa, nilikufuata nikakuleta kwangu Mikumi, nyuma ya mgahawa nilioanza na sufuria mbili tu. Nikaapa baba yangu hatakula dona tena. Mahindi yalikobolewa mashineni, ukala sembe nyeupe na nyama kama madereva wa malori, pumba nikawamwagia kuku. Miezi mitatu mizima ulinawa mikono, ukasema, "Asante, mama."

Kumbe hupati choo. Mambo ya chooni hukuweza kumwambia mtoto uliyemzaa, ukamwambia Anjela, binti yangu, kwa kuwa mjukuu ni mtani. "Mke wangu, tumbo limegoma, leo siku ya sita." Akaja jikoni akicheka, akanisimulia, nami nikacheka. Nilidhani ni utani wenu wa kila siku. Siku ya kumi na moja nikakukuta umeegemea ukuta wa choo, jasho linakutiririka.

Zahanati wakakupa tetrasaiklini, dawa ya vijidudu, kidonge kimoja mara nne kwa siku, siku saba. Vidonge ishirini na nane, nilivihesabu mezani. Siku ya tatu tumbo likafunguka hadi likapitiliza, nikashukuru. Vilipoisha, siku tano tu, likafunga tena. Ukameza ishirini na nane vingine, ikawa yale yale.

Ndipo nikakupeleka hospitali ya Kilosa. Yule mama mganga hakugusa dawa. Aliuliza unakula nini, nikamjibu kwa majivuno. Akauliza pumba nazipeleka wapi, nikasema kwa kuku.

"Na kuku wako wanapata choo?"

"Wanapata."

"Basi wanakula vizuri kuliko baba yako."

Ulitazama dirishani ukijizuia kucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Dona ikarudi, na maharage, mchicha, papai, maji vikombe vinane. Siku ya tisa ulitoka chooni ukipiga mluzi. Wiki iliyofuata ukafunga mzigo, ukarudi Vidunda.

Nilidhani tumejifunza, wewe na mimi. Masika ya pili kifua kikakubana huko. Uliugua siku tisa, ujumbe wa msiba ukanifikia siku ya kumi. Jirani alisema ulikataa nisumbuliwe. Na safari hii Anjela hakuwa karibu umtanie.

Hapo ndipo ninapokasirika, Baba. Ningefika kwa siku moja.

Juzi na mimi tumbo lilifunga, ikafika siku ya nne. Nilimwita Anjela nikamwambia waziwazi, bila kuzunguka. Aliinamisha kichwa kwa aibu, kisha akaniletea maji. Basi, yakaisha. Ndilo lililokushinda hilo?

Pumzika, Baba, hata kama bado nimenuna.

Mimi bintiyo wa Mikumi