Vifuniko vya Zornitsa

Mwanangu Desislava,

Huko Italia baridi imeanza? Hapa tumemaliza kuchoma pilipili, nyumba nzima inanuka moshi.

Mwalimu wa binti yako Zornitsa alitugawia picha za bure: mama, babu, maji, maumivu. Alituambia tuzibandike kwenye vifuniko vya chupa za achari, ili mtoto asiyesema aonyeshe anachotaka. Baba yako akacheka: "Vifuniko vimfundishe kusema? Basi na masufuria yataimba!" Kisha vifuniko vikamwishia, akachukua vya mtoto, akafungia pilipili, akazishusha zote stoo ya chini.

Zornitsa alilia, halafu akatoweka. Mara tukasikia chupa zikigongana kwenye ngazi. Akapandisha moja, akaiweka mezani mbele ya baba yako. Akarudi kuchukua nyingine.

Babu. Maumivu.

Kisha akamgusa kifuani, pale pale panapomuuma.

Desi, mwili ulinisisimka. Miaka saba hajatamka neno, na jambo la kwanza kusema ni lile tulilokuficha tangu Pasaka. Baba yako akavua kofia kama yuko kanisani. "Penka," akaniambia, "huyu mtoto ananiona."

Ni moyo, mwanangu. Alinikataza nisikwambie, eti utaacha kazi.

Leo asubuhi nimekuta chupa ya tatu kando ya zile mbili. Ina picha ya mama.

Mimi nimehitaji barua nzima kusema alichosema yeye kwa vifuniko vitatu. Msikilize yeye.

Mama yako,
Penka