Jani la Sale kwenye Ukurasa wa Ishirini na Saba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini tafadhali usinipe pole, kwa sababu pole nimepewa miaka mitatu mfululizo na hakuna hata moja iliyopunguza mzigo mgongoni kwa mtu, ninachotaka ni akili ya mtu wa nje ya nyumba yangu, maana ndani tumeshagawanyika, na nimebakiza siku tisa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mfugaji, naishi Machame. Nilianza na ndama mmoja wa kupewa nimtunze, leo nina ng'ombe watano na wateja wa maziwa mpaka Moshi mjini, na mtu akiniambia hii ni lita kumi nami nikiona tisa na nusu namwambia palepale mbele ya watu. Nayasema haya ujue kwamba mimi si mtu wa kulialia, utaona baadaye kwa nini nasisitiza.

Mwanangu alikuwa mpagazi wa watalii, akafia mlimani akiwa na miaka ishirini na mitatu. Getini mizani iliandika kilo ishirini, ambacho ndicho kikomo, na karatasi ninayo. Walipotembea kama saa moja kiongozi wa msafara akawarudisha wapagazi wawili ili kampuni ipunguze watu, mizigo yao ikagawanywa pale njiani ambako hakuna mizani wala afisa, na Jacob, rafiki yake aliyekuwa naye, ndiye aliyeushusha ule mzigo mpaka chini bila kuufungua, tukaupima kwa jirani anayenunua kahawa, ukawa kilo thelathini na tatu. Sikusema thelathini na kitu. Thelathini na tatu.

Basi nikanunua mizani ya kuning'iniza, na kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi nasimama nje ya geti wanapopangia mizigo, nampimia mpagazi yeyote anayetaka, naandika kwenye daftari. Ninachodai ni kimoja, iwekwe mizani ya pili kambi ya kwanza. Watu wananiita mwanaharakati, waniite tu. Na tarehe ishirini kuna kikao cha kampuni, wapagazi na watu wa serikali, nimepewa dakika kumi za kusema.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka jana alikuja kijana anaitwa Tito, mchoraji wa vitabu vya katuni, baba yake ni mtu wa Mwika lakini yeye kazaliwa na kukulia Dar. Kijana wa adabu, shikamoo yake unaisikia tangu kwenye migomba. Akasema anachora kitabu cha mpagazi aliyepigwa na radi akapata nguvu za ajabu, naye anaitwa Radi, na anataka ndani yake awepo mama aliyefiwa anayepima mizigo, kwa hiyo ananiomba ruhusa. Nikampa. Alikaa kwangu alasiri tatu, akanywa chai yangu na kula ndizi zangu, nami nikamweleza kila kitu, kilo za getini, kilo za njiani, umbali, saa, baridi ya usiku ule, vyote nikamsomea kwenye daftari.

Kitabu cha kwanza kilipotoka sikatai kilisaidia. Kabla yake nilikuwa nawapimia wapagazi kumi na wawili kwa wiki, baada yake wakaja arobaini na mmoja, wengine na kitabu mfukoni, watoto wa shule wakawa wananipungia mkono barabarani, Mama Mizani, Mama Mizani, maana ndilo jina alilonipa. Lakini mimi ni mtu wa hesabu, nikahesabu. Kurasa thelathini na mbili, mimi nipo kwenye saba, kwenye sita nalia. Ya saba nampa Radi chakula. Amenichora na mkongojo, mimi ninayebeba madebe mawili ya maziwa kwa mkupuo. Mwanangu yupo ukurasa wa pili tu, tena kwa nyuma, unaona mzigo na miguu, na chini pameandikwa kilo sitini ili watu wahuzunike zaidi. Kilo sitini ni mfuko wa saruji na kumi juu yake, mpagazi yeyote akisoma atacheka, na kweli pale getini wameanza kuniambia mama punguza chumvi. Nikanyamaza kwa sababu ya wale arobaini na mmoja.

Kitabu cha tatu ndicho kilichonimaliza. Ukurasa wa ishirini na saba Mama Mizani anaingia ofisi ya mwenye kampuni, anapiga magoti, mkononi ameshika jani la sale, anamnyooshea.

Kama wewe si wa huku kwetu nikueleze. Sale tunalipanda mipakani na makaburini, lakini jani lake ukilishika mkononi ukaenda nyumbani kwa mtu, maana yake umemkosea na umekuja kuomba msamaha. Kwa hiyo mimi niliyezika ndiye niliyepiga magoti kumwomba radhi aliyenizikisha. Tito anasema, "Mama, mimi nililiona kaburini pale kwako nikadhani ni jani la kumbukumbu, nikataka aende kumsuta nalo." Hakuuliza mtu. Baba yake wa Mwika yupo hai, na simu anayo.

Jumapili baada ya ibada tukiwa kwenye mnada wa mazao nje ya kanisa, Pamela, tunayesali naye, akaniinamia na mkungu wake wa ndizi akaniuliza, "Mama Jesse, umewakosea nini wale watu mpaka umewapelekea sale?" Nikamwambia ni katuni. Akasema, "Najua ni katuni, ila umekosa nini?" Na Jumatatu getini msimamizi wa ile kampuni akasema mbele ya wapagazi wote, "Mama Mizani, si umeshakuja na sale? Sisi tumekusamehe, nenda nyumbani ukakamue." Wakacheka, na vijana sita waliokuwa kwenye foleni ya kupimiwa wakaondoka. Sijawahi kupoteza watu sita kwa siku moja.

Tito aliposikia akaja, safari hii na baba yake mdogo, mzee Filemon kutoka Mwika, na mkononi wameshika sale, la kweli. Sikulipokea. Niliwaambia nina ng'ombe wa kukamua, nikawaacha na mume wangu, wakaliegemeza kizingitini mlangoni, na lipo pale tangu Alhamisi, napita juu yake kila nikitoka na ndoo. Mume wangu Ebenezeri anasema, "Sale halikataliwi, mke wangu, hata akilileta mtu uliyemchukia." Mimi naona nikilipokea yamekwisha, nimeshasamehe, sina tena mdomo wa kudai chochote, na tarehe ishirini nitakwenda kikaoni nikiwa yule wa kupiga magoti. Nikilikataa, mwalimu mkuu wa shule yetu ameshaniambia niandike barua tu vitabu vitaondolewa, na Tito mwenyewe amekubali kwamba nikisema nitoke kwenye hadithi atanitoa. Ila wale arobaini na mmoja nao wataondoka na kitabu.

Niambie, nilipokee au nisilipokee. Na usinijibu kwa mafumbo.

Yuditha, Machame

MAJIBU YA BI FLAVIA

Mama Yuditha, pole hukutaka, sikupi. Jibu lako hili hapa: lipokee, na ulipokee leo, kabla halijanyauka mlangoni ukapata aibu ya pili. Mimi ni wa Masama, hapo jirani kwenu, sihitaji kuelezwa sale, na mume wako amesema kweli tupu. Wewe unayegombana na kijana kwa kutojua mila unaruka mila hiyohiyo na ndoo mkononi mara mbili kwa siku. Hapo hujanifurahisha.

Lakini umechanganya mambo mawili ambayo mtu wa mizani hapaswi kuyachanganya. Sale aliloleta Tito ni la kosa la Tito, basi. Ukilipokea umemsamehe mchoraji. Kampuni haijaleta jani, kwa hiyo kampuni haijasamehewa kitu, na wewe hujampelekea mtu yeyote jani maishani mwako. Na tangu lini anayesamehe akafungwa mdomo? Mzee Filemon hakupanda gari kutoka Mwika kuja kuegemeza jani na kuondoka. Alikuja ili pakae watu pasemwe kosa ni lipi na litatengenezwa vipi. Wewe ukakimbilia zizini. Waite tena, mume wako awepo, lipokee kwa mikono miwili, kisha sema unachotaka, na uandike.

Unataka nini? Nitakusaidia. Ukurasa wa ishirini na saba uchorwe upya, uchapwe, na Tito aupeleke mwenyewe kwa miguu yake shuleni na getini, abandike juu ya ule wa zamani, huku akieleza kwa mdomo wake alichokosea. Kilo sitini zifutwe ziandikwe thelathini na tatu. Mkongojo utupwe, madebe yachorwe. Yote haya ayamalize kabla ya tarehe ishirini. Kijana aliyekuja na sale hawezi kukataa, na nadhani hata hatataka kukataa.

Kujitoa kwenye hadithi, futa. Nahisi pia inakuuma kwamba umewekwa pembeni ukilia na kijana wa radi ndiye shujaa. Hasira hiyo naielewa, ila nakuuliza, wale wapagazi arobaini na mmoja walikuja kumtafuta Radi au walikuja kutafuta mizani? Radi hayupo getini Jumatatu asubuhi. Upo wewe. Na wale sita walioondoka hawakukudharau, walimwogopa msimamizi wao. Watarudi wakiona kwamba wewe hukuondoka.

Sasa nikugombeze kidogo, uvumilie. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kilo umeniandikia tele. Najua mfuko wa saruji una kilo ngapi, najua una ng'ombe wangapi na unalia kwenye kurasa ngapi. Jina la mwanao nimelipata kwa Pamela. Wewe mwenyewe hujaliandika mahali popote, hata mara moja. Unamlaumu Tito kwamba amemchora Jesse kwa nyuma, mzigo na miguu. Alikaa kwako alasiri tatu akisomewa daftari. Alichora alichopewa. Uso hukumpa.

Najua kwa nini hukumpa. Namba hazitetemeki mdomoni. Nami sikuambii uache namba, tarehe ishirini nenda na karatasi ya getini, na daftari, na Jacob akae pembeni yako aseme alichokishusha kwa mgongo wake. Msimamizi akirudia mzaha wake wa sale, mjibu kwa utulivu: "Kwangu halijafika. Mkiwa nalo, njia ya Machame mnaijua." Kisha rudi kwenye mizani ya pili, usiteremke hapo mpaka dakika kumi zako ziishe.

Ila kabla ya siku hiyo mwite Tito alasiri ya nne. Daftari liache ndani. Mwambie Jesse alichekaje, alikuwa anakutania nini ukikamua, alipenda kula nini akishuka mlimani, jino gani lilikuwa limepinda kama lilikuwepo. Mpe na picha. Ukishindwa katikati, shindwa, kijana atasubiri na chai ipo. Halafu mwambie kitabu cha nne kianze ukurasa wa kwanza na Jesse, kwa mbele, akiangalia wasomaji.

Na mwisho wa kitabu hicho mwenye kampuni apande mwenyewe mpaka kwako, sale mkononi na kilo thelathini na tatu mgongoni. Mwambie Tito kwamba mlangoni wewe umesimama wima, na kabla ya kulipokea hilo jani, unampima.