Padre wa Bandia wa San Telmo

San Telmo, Zambales
14 Mei 2019

Mpendwa Mjomba Wenceslao,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Genoa? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila macho ya Bibi yamezidi ukungu, na habari ya daktari hataki hata kuisikia.

Mji wetu umechangamka. Wamebomoa majumba ya kale ya enzi za Wahispania huko mikoani, wakayasimamisha upya hapa ufukweni, na watu wanamiminika kuyatazama. Nimepata kazi humo. Nyumbani nilisema nipo ofisini. Uongo mtupu! Navaa joho na ndara za mtawa wa Kihispania, nasimama mlangoni mwa kanisa la maonyesho, napigwa picha.

Mjomba, naona haya hata kushika kalamu. Jumamosi kikundi cha Rozari cha mtaani kilikuja kutembea, na Bibi yumo. Nikavuta kofia ya joho hadi puani. Wapi! Alinijia moja kwa moja, akashika mkono wangu, akauweka kwenye paji la uso wake kuomba baraka. Kabla sijakohoa, kapiga magoti. "Nibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa."

Ningesema nini? Wenzake walikuwa pale nyuma, na unamjua Mama Charing kwa umbea. "Jamani, Felisa kaungama kwa mjukuu wake!" Wangemcheka mpaka Krismasi. Nikabaki padre.

Aliungama juu yako, Mjomba. Kwamba ulipofika mazishi ya Babu yakiwa yamekwisha, alikufukuza mbele za watu, na kumbe ndege ndiyo iliyochelewa. "Mwanangu hakuwa na kosa, Padre. Kiburi tu kimenikaba. Naogopa nitakufa kabla sijamwambia." Alilia. Na mimi, mshenzi mkubwa, nikainua mkono: "Nenda kwa amani, mwanangu." Bibi yangu mzaa mama, namwita mwanangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Siri ya maungamo haitolewi, najua, lakini mimi si padre, ni mwizi tu aliyesikia yasiyomhusu. Jana asubuhi nilikaa mbele ya wali na samaki mkavu nikivitazama tu. Bibi akasogeza bakuli la siki upande wangu.

"Eliseo, yule padre wenu ana vidole vya miguu kama vya marehemu babu yako. Vimepinda vivyo hivyo."

Nikairudisha miguu yangu chini ya kiti.

"Padre wa kweli angekufa na maungamo yangu moyoni," akasema. "Wewe mdomo wako naujua, nimeulisha mwenyewe. Mpaka leo hujamwandikia mjomba wako? Unangoja nini?"

Basi nimeandika. Mpigie, Mjomba. Simu ameiweka kando ya sahani yake, na hataki mtu aiguse.

Nisalimie mkeo Perla na Tala mdogo. Mungu awalinde nyote, na dua hii naiomba nikiwa na nguo zangu mwenyewe.

Mpwa wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Eliseo