La Tatu Aliloacha Mzee Obeid

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mkurugenzi kaniita ofisini. Nimejua kabla sijakaa. Semina ya wakulima wa viazi, Iringa, wiki ijayo — na msemaji ni mimi. Mimi! Nikamwambia nina mafua. Akauliza mafua ya wiki ijayo nimeyajuaje. Halafu akashusha sauti: nafasi ya marehemu Obeid iko wazi tangu mwaka jana, na mkuu wa kitengo cha mbegu asiyeweza kusimama mbele za watu si mkuu. Nikiongea vizuri, nafasi yangu. Nikishindwa, analetwa mtu wa nje.

Ukumbi ni ule ule.

Jumatano, 11 Septemba

Niandike tu, labda litanitoka kichwani. Mzee Obeid, bosi wangu, alifia kwenye kipaza sauti mwaka jana, ukumbi huo huo wa Iringa. Mimi nilikuwa kando, nabonyeza kompyuta kubadilisha maandishi ya ukutani. Siku zote alianza hivyo: jamani, mambo ni matatu. La kwanza, mbegu safi. La pili, usirudie shamba lile lile. Akasema, "La tatu —" nikabonyeza. Akaanguka.

Moyo, walisema madaktari. Ukutani ikabaki namba tatu kubwa, chini yake patupu. La tatu hakuwahi kuliandika. Siku zote alikuwa anawatazama watu waliokaa mbele yake, anavuta pumzi, analitoa. Kila semina na la kwake.

Tangu siku ile nikiona kipaza sauti magoti yanalegea. Kwenye kicheni pati ya kumfunda wifi yangu kabla ya ndoa walinikabidhi kipaza sauti niseme mawili matatu. Nilikisukumia kwa jirani kama sufuria ya moto. Aibu!

Jumamosi, 14 Septemba

Mazoezi, ndani ya ghala la mbegu. Nawahutubia viazi! Gwakisa, mume wangu, alikuja kunichukua akanikuta. Akacheka mpaka akashika mlango. Eti wajumbe wako wametulia kweli, mke wangu, hata mmoja hasinzii.

La kwanza likatoka. La pili likatoka. Nilipofika la tatu nikasikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu. Ile pumzi ya Obeid. Nikageuka — magunia tu. Nikamuuliza Gwakisa kama kasikia. Hakusikia kitu, ila aliacha kucheka. Akanishika mkono, tukaenda nyumbani.

Jumapili, 15 Septemba

Nimeandika la tatu: dawa kwa wakati. Nimefuta. Nimeandika: soko. Nimefuta. Si la Obeid, wala si langu. Naogopa. Basi.

Jumanne, 17 Septemba

Simu kutoka Iringa. Mama Evarista, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima viazi. Siku ile alikaa mbele kabisa. Akanisalimu Kihehe: Kamwene, mwanangu, nasikia unakuja wewe. Akauliza, safari hii lile la tatu tutaambiwa? Kumbe wanalingoja wote!

Likanitoka tu: mama, naogopa kusimama pale.   Akasema hata yeye usingizi wake siku hizi ni wa kuokoteza. Alimwona Obeid anayumba. Akainuka amdake. Lakini alivaa viatu vya mchuchumio, vya kumheshimu mgeni rasmi, akateleza. Kichwa cha marehemu kikafika sakafuni, yeye bado anajizoazoa.

"Ningekuwa pekupeku ningemwahi," akasema.

Nikamwambia ulikuwa moyo, mama, usingemwokoa. Akasema anajua. Ila asingeanguka peke yake.

Nimelia jikoni. Maharage yameungua, Gwakisa kala hivyo hivyo.

Jumatano, 18 Septemba

Tumefika Iringa na gari la ofisi. Njiani, Makambako, baridi ya kukata masikio. Dereva kapiga stori njia nzima, sijasikia hata moja. Chumba cha gesti ni kizuri, ila dirisha linatazama paa la ukumbi. Nimefunga pazia.

Alhamisi, 19 Septemba

Naandikia humu humu ukumbini, daftari kwenye paja. 

Nimesimama! Bwana Yesu asifiwe, wakaitikia. Tumsifu Yesu Kristo, wakaitikia. Asalaam aleykum, wakaitikia. Nikataka kumalizia na Kamwene, salamu ya wenyeji — ikanitoka Mugonile! Kinyakyusa chetu, mbele ya Wahehe! Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, dada umepitiliza, Tukuyu kwa Wanyakyusa ni kule ulikotoka! Nikacheka na mimi. Ndiyo ikawa salama yangu. La kwanza likatoka. La pili. Watu wanaandika! Sauti ni yangu, na haitetemeki!

"La tatu —"

Mlango ukafunguliwa. Mgeni rasmi huyo, kachelewa, na msafara wake. Ukumbi wote ukasimama. Makofi, vigelegele. MC akanipokonya kipaza sauti. Sasa mgeni anatambulishwa, yeye na alioongozana nao, na MC kashatangaza: mtaalamu ataanza upya, tangu mwanzo, ili na mgeni wetu asikie.

Aanze upya! Ee Mungu wangu.

Nimekaa. Pale nilipokatizwa mdomo ulikuwa wazi na neno lilikuwa linakuja, naapa. Silijui ni neno gani. Na ile pumzi ilikuwa hapa, nyuma ya sikio.

Kuna kitu sikukielewa. Nilipoanza kuongea, viti vya mbele vilikuwa mbali nami. Nilipofika la pili vilikuwa karibu. Nikadhani kipaza sauti hakifiki vizuri. Kumbe ni wale wanawake wa kikundi, wakiongozwa na Mama Evarista, kila nikimaliza sentensi wanasogeza kidogo. Sasa wamefika mpaka miguuni pa meza. Wameweka mikoba chini. Mikono mitupu, magotini. Na nilipokuwa nasema hawakuwa wananitazama usoni. Walikuwa wananitazama magoti.

MC anasema tumkaribishe tena mtaalamu wetu, Bi Tumpe.

Mama Evarista ameinama. Anavua viatu.