Mikono ya Asubuhi, Miguu ya Jioni

Kijijini Zhaijia, Cangzhou
Mwezi wa pili, theluji imeshayeyuka

Kwa Kaka yangu mpendwa Shouyi,

Pokea salamu zangu huko Lanzhou, wewe na wifi yangu na watoto. Je, kifua chako kimepona? Mwaka juzi uliandika kwamba moshi wa karakana ya reli unakukohoza, nami tangu hapo kila nikisikia treni naona kama ndiyo iliyokutia ugonjwa. Wifi akuchemshie peasi na sukari mawe, unywe maji yake yangali moto. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Dawei anakusalimu, na punda wake pia, maana siku hizi hawatengani. Baba anaendelea vizuri kwa mtu aliyepigwa na kiharusi. Nimerudi kumwuguza tangu majira ya baridi. Upande mmoja wa mwili haumtii na maneno yanatoka yamekwaruzika, lakini uji wa mtama anaumaliza na bakuli anakuonyesha kwamba liko tupu.

Najua umeipata simu ya maandishi aliyokupelekea Baba Mdogo Baolin. Alinisomea kabla ya kwenda posta, akijisifu kwa ufupi wake: urudi kabla ya gulio la hekaluni la mwezi wa tatu, koo zinapoonyeshana ngumi, uzipokee ngumi za ukoo, mtindo wetu wa kupigana, kutoka kwa Baba, la sivyo usijihesabu mwana wa nyumba hii. Nakuomba usimjibu bado. Najua uliondoka kwa sababu ya ngumi hizo, na uliapa hutarudi mpaka siku ambayo hakuna mtu atakayekuamuru usimame uani kwa mazoezi. Nimejaribu mara nyingi kukuandikia uje umwone Baba, nikashindwa kukuahidi hilo. Leo nina ya kukuambia.

Kwanza lazima nikupe habari itakayokushangaza. Unakijua kiapo alichokula Baba mbele ya Babu, kwamba ngumi zetu watafundishwa watoto wa kiume, na hata wake zao, lakini binti kamwe, kwa kuwa binti huolewa akahama na mali ya nyumba. Baba hakukivunja kiapo hicho hata siku moja. Hakunifundisha kitu. Mimi nilijifunza mwenyewe.

Usicheke. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na swali mdomoni. Asubuhi, wewe na Baba na Baba Mdogo mlipokuwa uani, mimi nilikuwa jikoni nikikanda unga wa mikate ya mvuke, na dirisha liko mbele yangu. Mtungi wa maji ulinizibia chini, kwa hiyo nilikuwa nawaona kuanzia kiunoni kwenda juu. Nikawa nakanda huku nafuatisha mikono. Jioni nilipandishwa juu ya paa kugeuza kunazi zilizoanikwa. Kutoka kule juu mikono huielewi, unaona kofia na mabega tu, lakini miguu inaonekana jinsi inavyochora vumbini. Mkishaingia kula, nilishuka na ufagio, na kabla ya kufagia nilizikanyaga nyayo zenu moja moja. Hukuwahi kujiuliza kwa nini nilipenda sana kufagia?

Basi nikaunganisha, juu na chini, kama fundi anavyounganisha koti na suruali. Nilipoolewa niliendelea bandani kwa punda. Dawei alinikuta siku moja, akasimama mlangoni akitazama, kisha akaniuliza kama panya ameshakufa. Nikamwambia bado. Akafunga mlango taratibu, na tangu siku hiyo hajauliza tena.

Sehemu moja ilinisumbua kupita zote. Kuna mahali mikono inasukuma mbele kwa nguvu, na papo hapo mguu wa kulia unakwenda nyuma na pembeni. Mkono unasema twende, mguu unasema kwaheri. Kwa nini? Niliiwaza nikiosha vyombo, nikiteka maji, hata nikiwa msibani, Mungu anisamehe. Nilijaribu kwa punda, akaniangalia kwa huruma. Nilijaribu kwa Dawei, akaanguka, akasema ameteleza. Hapo nikaelewa: mtu akiiamini mikono yako, anajikaza kuipokea, na wewe hupo tena pale. Nikasema kweli Babu alikuwa na akili za ajabu. Na kila nilipochimba nilikuta pengine pa namna hiyo, mkono na mguu kila mmoja na safari yake.

Sasa sikia yaliyotokea wiki iliyopita. Alikuja Cui Dengke wa kijiji cha ng'ambo ya mfereji, yule mnene ambaye ukoo wao na wetu wamekuwa wakipimana ngumi tangu enzi za mababu. Alileta boksi la keki kumjulia hali Baba, ila keki zilikuwa za kuzugia tu. Hakumaliza hata chai, akaanza kumchokoza Baba Mdogo. Alisema amesikia kwamba mwaka huu gulioni ukoo wa Zhai utaleta kigoda cha mgonjwa badala ya mtu. Baba Mdogo akafura, lakini kiuno chake unakijua, hata kuvaa viatu anasaidiwa. Cui akanigeukia mimi mlangoni, mikono imejaa unga, akasema, “Au ndiyo ngumi zenu zimehamia kwenye kinu cha unga, dada?”

Kaka, sijui nini kilinipata. Nilimtazama Baba pale kitini. Alikuwa ameinamisha kichwa, na sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu. Nikatoka, nikamwambia Cui kwamba unga ukishakandwa lazima upigwe, hivyo kama ana nafasi anisaidie. Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Alisema hapigani na wanawake wa watu, ila kwa heshima ya Baba atanigusa mikono kidogo tu, nisilie.

Tukagusana mikono. Nilitoa msukumo ule. Cui ni mjuzi, amezitazama ngumi zetu gulioni maisha yake yote, na akiona mkono wa Zhai anajua tayari mguu utatua wapi. Akauwahi mguu wangu pale ulipotakiwa kuwa. Haukuwapo. Akaukanyaga upepo, akaenda kukaa katikati ya kabichi zetu za akiba. Akaomba turudie, akaenda tena kwenye kabichi zilezile. Alipoinuka hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta mlango umehamishwa. Alisema tu, “Hii siijui.” Akaaga, keki akatuachia.

Nilidhani nitapongezwa. Baba Mdogo alimgeukia Baba kama moto wa mabua. Alimwambia amekula kiapo cha uongo mbele ya baba yao, amemfundisha binti kwa siri, na kwamba atalipeleka jambo hilo kwa wazee wote wa ukoo. Mtu anayejivunia neno lake kuliko kitu chochote duniani, na sasa hana hata ulimi wa kujitetea, aitwe mwongo kwa sababu yangu. Nilipiga magoti nikaeleza yote, jikoni na paani na ufagio. Baba Mdogo alisema hakuna binadamu anayejifunza ngumi kwenye unga.

Baba akaninyooshea kidole, akasema, “Rudia. Polepole.”

Nikarudia, toka mwanzo hadi mwisho, uani, mchana kweupe, mbele ya baba yangu. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo tangu utoto, na nilikuwa nimeliogopa. Alikunja uso. Akaniamuru nirudie. Halafu bega lake likaanza kutikisika, nikadhani kiharusi kimerudi, nikamkimbilia. Kumbe anacheka! Hajacheka tangu augue. Alicheka mpaka Baba Mdogo akalazimika kumfuta machozi.

Ukweli ni huu, Kaka, na wewe huenda umeshautambua tangu mistari ya juu huku ukinihurumia. Asubuhi mlikuwa mkifanya ngumi fupi. Jioni mlikuwa mkifanya ngumi ndefu. Ni mbili, si moja. Mimi nilichukua mikono ya asubuhi nikaipachika kwenye miguu ya jioni. Ile akili ya ajabu ya Babu haikuwahi kuwapo. Lilikuwa kosa langu, nikalitafutia maana mpaka nikaipata.

Niliona aibu, na nililia, sitakuficha. Miaka yote nilijiona ninayo mali ya nyumba yetu kifuani, kumbe sina. Nilimwomba Baba anirekebishe, hata hatua moja tu. Akakataa. Alisema, kwa taabu, neno baada ya neno, kwamba akinirekebisha atakuwa amenifundisha, na hapo ndipo kiapo kitavunjika. Kisha akamwambia Baba Mdogo asikie vizuri: hii si ngumi ya Zhai, ni ya binti huyu, na hakuna mzee wala kaburi lililomkataza kuwa nayo. Baba Mdogo akaenda kuziokota kabichi. Gulioni ataonyesha ngumi fupi mwenyewe, kiuno kikimruhusu.

Tangu siku ile Baba hulala kidogo mchana, kisha hudai kigoda chake uani. Hanifundishi, ananiuliza. Kwa nini mguu huu unakwenda pale? Na mtu asipojikaza je? Nisipojua, ananiambia nikafikiri, na kesho yake anauliza tena kabla sijaweka chai chini. Sikujua kwamba na yeye alizaliwa na maswali. Pengine hakuna aliyemruhusu kuyauliza.

Na sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Jana nilikuwa namlisha, akausukuma mkono wangu, akasema jina lako. Hajalitaja tangu uondoke. Alisema, “Shouyi nilimfundisha ngumi kwa fimbo, akazikimbia. Huyu sikumfundisha, akazikimbilia.” Machozi yakamdondokea kwenye bakuli, nami nikajifanya naangalia uji. Kisha akaniagiza nikuandikie, na akanifanya niyarudie maneno yake ili nisije nikayapamba. Amesema hutaombwa ngumi, wala yeye hatakuja uani kukutazama.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto, uwaambie shangazi yao ni mkorofi. Dawei atakuwa stesheni na mkokoteni siku yoyote utakayotaja. Nami nakuandikia agizo la Baba kama alivyolitoa, bila kuongeza neno: “Mwambie mkono wangu wa kulia, ule uliokuwa unashika fimbo, umekufa. Aje.”

Mdogo wako akupendaye,
Yuqin