Chuma cha Nyuma ya Dashibodi

Jumatano, Uyole. Mwezi wa nne sasa tangu nitoke nyumbani Nyololo kuja kufanya kazi gereji.

Naandika haya usiku, baridi ni kali.

Leo fundi Ambakisye alinipa gari lililopata ajali huko kwetu Mufindi, dereva, mtu wa huko huko, akafa. Nitoe kile chuma kirefu cha nyuma ya dashibodi, kinachoshika usukani, akifunge kwenye gari la shemeji yake. Ndilo litakalonipa lifti ya kwenda nyumbani Jumamosi. Mke wangu anakaribia kujifungua, siwezi kungoja zaidi.

Nati zote nilifungua, chuma hakitoki. Nimelala kichwa chini ya usukani, mara kiti cha dereva kikalia, kama mtu amekaa.

"Fundi, acha utani!"

Akajibu kutoka mbali, bombani anakonawa. "Utani gani na mimi niko huku? Ulipiga hodi?"

Nilisahau. Hapa gereji, gari la marehemu hupigiwa hodi kabla ya kufunguliwa.

"Basi msalimie kwa lugha yenu, bwana. Si ndugu yako huyo?" Akacheka.

Mimi sikucheka. Nikasema taratibu, "Kamwene."

Kiti kikalia tena, kama mtu anainuka. Chuma kikaniangukia mikononi, chepesi, na kilikuwa cha moto.

Jioni tumekifunga. Kimekaa vizuri, hakijapinda, nimekagua mwenyewe. Lakini...

Jumamosi nitarudi nyumbani, lazima. Nitakaa nyuma. Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, namwachia mwenye chuma chake. Naye ametoka kwao siku nyingi, tangu gari lake livutwe hadi huku.