Jino Lililopulizwa Mno

2 Machi

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Unakula au unameza chai tu? Mimi mzima, ila magoti yanajifanya wazee kuliko mwenyewe. Anayeandika ni jirani yangu fundi cherehani. Mimi nasema, yeye aandike, na nimemkataza kunipamba.

Sasa nikwambie bila kuzunguka. Kile kipande ulichonibandikia kwenye jino la mbele kimetoka. Sikutafuna mfupa wala jiwe. Nilikuwa nacheka tu. Fundi kakata suruali ya mtu, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nikasikia kitu ulimini.

Hakiumi. Jana mchana nilipitiwa na usingizi, nikaota natembea ndani ya kinywa changu mwenyewe. Ukumbi mrefu, mweupe, mwanga wake kama maziwa, na mlango mmoja umelegea unapepea taratibu. Wala sikuogopa. Nilikaa kizingitini, nikakungoja uje na gundi yako.

Basi njoo.

Bibi yako

9 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti, yakande kwa maji ya moto. Mimi nakula vizuri, nalala vibaya.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za kliniki. Wewe ndiye mgonjwa wa kwanza niliyemtibu peke yangu tangu nianze mafunzo, na kazi yangu imeangushwa na kicheko. Mwalimu amesema mwenzangu akutengeneze. Nimekubali. Nenda Jumatatu, ana mkono mwepesi.

Mimi labda nije nifundishwe kukata suruali.

Mjukuu wako

14 Machi

We mume usiye na haya,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika, na fundi anaandika kakaa mbali kidogo.

Mwenzako nimemwona. Kijana mpole, kucha safi. Akasema, "Bibi, fungua mdomo." Nikaufunga. Akasema, "Bibi, tafadhali." Nikamjibu kwa pua, "Nina daktari wangu." Akatoka jasho, maskini.

Sikuja hapo kutafuta mkono mwepesi. Nataka wa kwako. Ukiniachia pengo, lizibe mwenyewe, usinikabidhi kwa mtu baki kama mzigo stendi. Tafuta ulipokosea. Nangoja, na nikicheka nafunika mdomo kama mwali.

Bibi yako

2 Aprili

Mjukuu,

Hata salamu? Umekufa? Kama hujafa, andika. Kama umekufa, nakuja kukuchapa.

Bibi yako

11 Aprili

Bibi,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Sijafa. Nilijifungia na meno ya watu yaliyong'olewa, nikiyabandika vipande na kuvivuta mpaka vibanduke.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ndiyo niliyokufanyia wewe: unapaka asidi ili jino likwaruzike kidogo, unaiosha, unakausha kwa upepo, ndipo unatia gundi. Ya pili, asidi imo humo humo ndani ya gundi. Huoshi kitu, unasugua taratibu na kupuliza.

Kwenye gamba gumu la nje, ya kwanza inang'ang'ania kama kupe. Lakini chini ya gamba jino ni laini, lina nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Asidi ikizifunua, zinaelea kwenye unyevu kama majani chini ya maji. Ukizikausha mno zinalala, zinagandamana, na gundi haipati pa kupita. Huko ndani, ile ya pili ina huruma zaidi.

Bibi, pale kitini ulikuwa wewe. Nilitaka jino lako liwe safi kuliko la mtu yeyote duniani. Nikalipuliza, nikalipuliza tena. Angekuwa mgonjwa mwingine ningeacha mapema.

Safari hii nitachanganya: asidi pembeni tu, kwenye gamba, halafu ile gundi ya upole kote. Mwalimu atasimama nyuma yangu. Ila naogopa. Kikitoka tena, sitamgusa mgonjwa mwingine. Nimeshaamua.

Njoo Alhamisi.

Mjukuu wako

20 Aprili

Daktari wangu,

U hali gani tangu juzi? Mimi mzima, na magoti nayo yamenyamaza.

Unajua kwamba nililala? Uliponiwashia ile taa ya bluu ya kugandisha gundi nilifumba macho, nikajikuta chini ya maji ya uvuguvugu yasiyolowesha nguo. Kila upande nyuzi zako zinapepea, nami napita katikati yake bila haraka, naziambia, "Msilale jamani, kijana anakuja." Nilipofumbua macho nikakuuliza, "Unaanza lini?" Ukasema, "Bibi, nimemaliza." Mkono wako ulikuwa begani kwangu, umetulia kabisa.

Sasa sikiliza. Hicho kipande nacho kitatoka. Kesho, au mwaka ambao mimi sipo. Kikitoka utabandika tena, maana ndiyo kazi yako, na habari ya kuamua kuacha nisiisikie.

Nilipotoka, kwenye benchi alikaa mzee kashika shavu. Wakamwita kwa mwenzako. Nikamwambia, "Keti wewe, ngoja wangu anawe mikono."

Bibi yako

23 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, usinune barua ikiwa fupi. Yule mzee wako amerudi leo, na amemleta mkewe. Mama huyo yuko kitini, ameshafungua mdomo, ananingoja mimi.

Mjukuu wako